Uzoefu wa Hospitalini Ulioupata Sekondari: Je, Uuandike Katika Maombi ya Chuo cha Udaktari Marekani?

Mzazi aliyesomea Tanzania au Kenya hushangaa anapomsikia mwanawe, mwanafunzi wa chuo huko Marekani, akisema kwamba anatafuta saa za kukaa na wagonjwa ili aweze kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Nyumbani, mlango huo hufunguliwa na alama. Aliyefaulu vizuri kidato cha sita katika tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), au aliyepata pointi za kutosha katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, haulizwi amewahi kusimama wodini kwa muda gani. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na kamati za udahili, pamoja na kupima alama za darasani na za MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, hutaka kuona kwamba mwombaji amekaa karibu na wagonjwa kiasi cha kujua kazi anayoiomba ni ya namna gani.

Hapo ndipo swali la mwongozo huu linapozaliwa. Kijana alijitolea katika hospitali ya mtaani kwao Minneapolis akiwa na miaka 16, au alisaidia katika zahanati ya Kigoma kabla familia haijahamia Marekani, na sasa ana miaka 21 na fomu ya maombi iko mbele yake. Aiandike kazi ile, au aiache?

Jibu langu ni kwamba kwa kawaida aiache, isipokuwa kazi hiyo iwe iliendelea baada ya kuhitimu sekondari, au iwe inaeleza jambo kuhusu maisha yake ambalo hakuna kingine chochote katika fomu kinachoweza kulieleza. Hatua zinazofuata zinaonyesha jinsi ya kufikia uamuzi huo kwa kila kipengele, na namna ya kuandika kile kitakachobaki.

Hatua ya kwanza: ujue unaomba kupitia mfumo upi

Watu wengi hupeana ushauri wa jumla bila kuuliza maombi yanakwenda wapi, ilhali mifumo hii haifanani. Vyuo vingi vinavyotoa shahada ya MD, ile ya kawaida ya udaktari, hupokea maombi kupitia AMCAS, mfumo unaoendeshwa na jumuiya ya vyuo vya udaktari, AAMC. Sehemu yake ya kazi na shughuli ina nafasi 15 tu, kila moja ikiwa na maelezo yasiyozidi herufi 700 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Mwombaji anaweza kuchagua shughuli zisizozidi tatu kuwa ndizo zenye maana kubwa zaidi kwake, na kila moja ya hizo huongezewa herufi 1,325. AMCAS haimkatazi mtu kuandika mambo ya sekondari, lakini nafasi 15 ni chache kuliko zinavyoonekana, na kila nafasi unayoipa kazi ya miaka mitano iliyopita umeinyima kazi ya mwaka jana.

Vyuo vya osteopathia, tawi jingine la udaktari Marekani linalotoa shahada ya DO, hutumia AACOMAS, ambako mwombaji huelekezwa aorodheshe mambo ya ngazi ya chuo na kuendelea. Texas ina mfumo wake, TMDSAS, na humo kuna orodha ya shughuli kwa mpangilio wa tarehe inayoanzia siku ya kuhitimu sekondari hadi siku unayotarajia kuanza udaktari. Katika mifumo hii miwili, basi, mjadala ni mfupi. Soma maelekezo ya mwaka unaoomba, kwa kuwa hurekebishwa mara kwa mara, na uyafuate hata kama rafiki yako wa mwaka juzi alifanya vinginevyo.

Wapo ambao kwao kanuni hii inageuka kabisa. Ontario, nchini Kanada, mfumo wa OMSAS humtaka mwombaji aeleze shughuli zake tangu alipofikisha miaka 16, kwa hiyo kazi ya sekondari inayo nafasi yake halali. Uingereza wanafunzi huomba udaktari wakiwa bado sekondari, na hawana uzoefu mwingine wa kuonyesha zaidi ya huo. Hata Marekani kwenyewe kuna programu chache zinazomchukua mwanafunzi moja kwa moja kutoka sekondari na kumpitisha hadi udaktari, kama ile ya miaka minane ya Chuo Kikuu cha Brown na ile ya miaka sita ya Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City. Anayeomba huko aandike kazi yake ya hospitalini bila kusita. Mengi yatakayofuata yanamhusu anayejaza AMCAS.

Hatua ya pili: uchore mstari wa tarehe

Chukua karatasi na uandike kila kazi inayohusu wagonjwa uliyowahi kuifanya, mwezi ulioanza, mwezi uliomaliza, na idadi ya saa kwa makadirio unayoweza kuyatetea. Kisha uchore mstari kwenye siku uliyomaliza sekondari. Kinachotangulia mstari ni cha sekondari, na kinachofuata, hata kama hujakanyaga chuo bado, kinahesabiwa upande wa pili. Kwa hiyo likizo ya majira ya joto kati ya mahafali na mwanzo wa chuo inaandikika bila wasiwasi wowote.

Kwa waliosoma Afrika Mashariki mstari huu unahitaji uangalifu kidogo. Aliyemaliza kidato cha nne Kenya katika mfumo wa KCSE amemaliza sekondari, na miezi aliyoitumia akisaidia katika kituo cha afya huku akisubiri chuo iko upande wa pili wa mstari. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania na kuendelea na cha tano na cha sita bado alikuwa sekondari, na kwake mstari unakuja baada ya mtihani wa kidato cha sita. Aliyekatiza masomo nyumbani na kumalizia darasa la 12 Marekani ahesabu kuanzia mahafali ya Marekani.

Hatua ya tatu: upime kila kilicho upande wa sekondari

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Kwa kila kipengele kilichoangukia kabla ya mstari, jiulize kwanza kama kilivuka mstari huo. Mfano wa kawaida katika jamii zetu ni wa wale waliopata cheti cha usaidizi wa wauguzi, kinachojulikana na kila mtu kama CNA. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliweka mafunzo yasiyopungua saa 75 kwa wasaidizi wanaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, na majimbo mengi yameongeza juu ya hapo. Binti aliyepata cheti akiwa darasa la 12, akaanza zamu za usiku za wikendi katika nyumba ya wazee, na akaendelea na zamu hizo kwa miaka yote ya chuo, ana kitu cha thamani kubwa. Akiandike chote kuanzia tarehe ya kweli ya mwanzo, kwa sababu urefu wa muda ni sehemu ya ushahidi. Ninachomshauri ni kutenganisha saa ndani ya maelezo, mathalani kusema kwamba takriban saa 250 zilikuwa kabla ya kuhitimu sekondari na saa 1,100 baadaye, ili msomaji asije akadhani kwamba anajaziwa hesabu.

Kisha jiulize kama kazi ile ndiyo iliyokuelekeza kwenye udaktari. Ikiwa ndiyo, mahali pake ni katika insha binafsi, ambayo AMCAS huipa herufi 5,300, wala si katika orodha ya shughuli. Insha inaruhusu kueleza ulipoanzia, na hakuna anayeshangaa kukuta humo habari za umri wa miaka 15. Ila aya moja inatosha. Insha nyingi hutumia nusu ya nafasi kueleza siku ya kwanza wodini, na msomaji anafika mwisho bila kujua mwombaji huyu, ambaye sasa ni mtu mzima, amejifunza nini tangu siku ile.

Jaribio la tatu linahusu mazingira ya maisha, na ndilo linalosahauliwa sana na vijana wetu kwa sababu hawadhani kwamba ni jambo la kuandikwa. Katika familia nyingi za Wakongo, Warundi na Watanzania zilizoingia Marekani, mtoto anayejua Kiingereza ndiye anayempeleka bibi kliniki, ndiye anayesoma maandishi ya chupa za dawa, na ndiye anayegeuza maneno ya daktari kuwa Kiswahili. Kanuni za shirikisho za mwaka 2016 zilizuia hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa katika dharura, lakini mtoto huyo yumo katika historia ya waombaji wengi. Kazi hii usiiite uzoefu wa kitabibu, na usiihesabie saa kana kwamba ulikuwa mtumishi wa hospitali. Tangu maombi ya mwaka 2024, AMCAS ina swali la hiari, lenye herufi 1,325, linalomwomba mwombaji aeleze changamoto zilizoathiri safari yake, na hapo ndipo maisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, uhamisho, au malezi ya ndugu mgonjwa yanapopata nafasi inayostahili.

Mafanikio ya pekee, kama vile tuzo ya kitaifa au mradi ulioubuni na ambao bado unaendeshwa na wengine, yanaweza pia kubaki. Wanaostahili kigezo hiki ni wachache.

Kisichopita jaribio lolote kati ya hayo kifutwe. Majuma manne ya kusukuma viti vya magurudumu katika likizo ya darasa la 11, siku tatu za kumfuata daktari rafiki wa baba, uanachama katika klabu ya afya ya shule: haya yalikuwa mema kwa wakati wake, na yamekwisha kutimiza kazi yake kwa kukufikisha chuoni.

Hatua ya nne: uwe mwangalifu na kazi ya zahanati ya nyumbani

Kuna jambo ambalo washauri wa vyuo vya Marekani mara nyingi hawalijui kwa upande wetu, na sisi hatulijui kwa upande wao. Kijana aliyelelewa na shangazi muuguzi katika zahanati ya kijijini anaweza kuwa alichoma sindano akiwa kidato cha tatu, alishona kidonda, au alisaidia mama kujifungua usiku ambapo hakukuwa na mtu mwingine. Kwake ni jambo la fahari, na pengine kweli liliokoa maisha. Mjumbe wa kamati ya udahili akilisoma, anaona mtu asiye na mafunzo wala leseni aliyemgusa mgonjwa ambaye hakuwa na uwezo wa kukataa.

Mwaka 2011 AAMC ilitoa mwongozo kuhusu wanafunzi wanaohudumia wagonjwa nje ya Marekani, na onyo lake ni kwamba kufanya nje ya nchi kile ambacho usingeruhusiwa kukifanya Marekani kunaweza kumdhuru mgonjwa na kudhoofisha maombi yako. Mwongozo huo uliwalenga zaidi vijana wa Kimarekani wanaosafiri kwa majuma machache kwenda kujitolea Arusha au Mombasa, lakini msomaji wa fomu yako hatatofautisha kwa urahisi kati yao na wewe uliyezaliwa pale.

Kwa hiyo, ikiwa kazi ya zahanati imepita mojawapo ya majaribio ya hatua ya tatu, eleza yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wako: kupima uzito wa watoto siku ya kliniki, kutafuta kadi kwenye makabati, kuwaelekeza wagonjwa kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa, kuteka maji ya wodi ya wazazi. Nionavyo, kazi hizi zinavutia kuliko sindano, kwa kuwa zinaonyesha mahali penyewe na jinsi huduma inavyotolewa pasipo vifaa vya kutosha. Kama ulifanya zaidi ya hayo na ukaulizwa waziwazi katika usaili, usidanganye. Eleza kilichotokea, nani alikuwa anakusimamia, na unavyolitazama jambo hilo sasa.

Hatua ya tano: upate mtu wa kuthibitisha

AMCAS huomba jina na mawasiliano ya mtu anayeweza kuthibitisha kila shughuli, na vyuo vina haki ya kumtafuta. Kwa kazi ya zamani hili ni tatizo la kweli. Mganga mfawidhi wa zahanati amehamishiwa wilaya nyingine, msimamizi wa wanaojitolea amestaafu, na barua pepe ya miaka ile haifanyi kazi. Andika jina la taasisi, tafuta anayeshika nafasi hiyo sasa, na umweleze kwa adabu wewe ni nani na ulikuwa pale lini. Kama kitabu cha mahudhurio bado kipo, omba barua fupi yenye tarehe, sahihi na muhuri. Shangazi, hata awe muuguzi mkuu, asiwe ndiye shahidi wako. Kazi ambayo haina shahidi wala karatasi, na ambayo saa zake huwezi kuzieleza ulivyozipata, iondoe kwenye orodha hata kama ilikuwa na maana kwako.

Hatua ya sita: uandike maelezo yenyewe

Fomu hujazwa kwa Kiingereza, lakini kufikiri kwanza kwa Kiswahili kunasaidia kugundua maneno matupu. Tazama maelezo haya ambayo ningeyakataa: «Nikiwa sekondari nilijitolea hospitalini ambapo nilijifunza huruma, uongozi na umuhimu wa kushirikiana, na hapo nikajua kwamba udaktari ndio wito wangu.» Hakuna mgonjwa humo, hakuna kazi, na sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufika hospitalini.

Yalinganishe na haya: «Nilianza darasa la 12 na ninaendelea hadi leo, zamu mbili kila mwezi wakati wa masomo na kila wikendi wakati wa likizo. Huwaogesha, huwalisha na huwageuza wakazi 10 hadi 12, wengi wao wakiwa na upungufu wa kumbukumbu. Mwaka wa kwanza niliogopa mkazi aliyekataa chakula, na sasa naanza kwa kutazama meno yake ya bandia, kinywa chake, na nani aliyemlisha asubuhi. Tangu mwaka wa pili wa chuo ninawaelekeza wasaidizi wapya. Saa 250 zilikuwa kabla ya kuhitimu sekondari.» Mwanzo umetajwa katika maneno machache, na uzito wote umewekwa kwenye mabadiliko yaliyokuja baadaye.

Chagua pia kundi sahihi la shughuli. AMCAS hutenganisha kazi ya kitabibu ya malipo, kujitolea kitabibu, na kumfuata daktari kwa kutazama. Kutazama kusiandikwe kama kuhudumia. Na usiwataje wagonjwa kwa namna inayoweza kuwatambulisha, kwa kuwa sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda taarifa zao, na msomaji wa fomu atajiuliza utafanya nini na siri za wagonjwa ukiwa mwanafunzi wake.

Hatua ya saba: uzibe pengo lililobaki

Baada ya kufuta, waombaji wengine hugundua kwamba upande wa chuo hauna karibu kitu. Hiyo ni habari muhimu kuliko swali la sekondari lenyewe. Kamati ikiona saa 200 za miaka 16 na hakuna chochote baadaye, itauliza kwa nini uliacha, na jibu la kwamba masomo yalikuwa mengi halitasaidia, kwa sababu masomo ya udaktari ni mengi zaidi.

Pa kuanzia papo. Nyumba za wazee zina uhaba wa wasaidizi karibu kila jimbo. Hospitali hupokea wanaojitolea, ingawa kabla ya kuanza hudai kipimo cha kifua kikuu, rekodi za chanjo na uchunguzi wa historia yako, mambo yanayoweza kuchukua majuma kadhaa. Kliniki za bure hutafuta watu wa mapokezi. Idara za dharura huajiri waandishi wanaomfuata daktari na kuingiza maelezo yake kwenye kompyuta. Na wewe mwenye Kiswahili, ambaye sasa ni mtu mzima, unaweza kuchukua mafunzo ya ukalimani wa kitabibu na kufanya kwa malipo, kwa viwango na kwa kiapo cha siri, ile kazi uliyoifanya bila kuuliza ukiwa na miaka 12. Ikiwa tarehe ya maombi iko karibu mno, kusubiri mwaka mmoja si aibu, kwani wanafunzi wengi wanaoingia udaktari Marekani hawakutoka chuoni moja kwa moja.

Kwa aliye bado sekondari

Usisome yaliyo juu ukaacha kujitolea. Kazi ya sasa ndiyo itakayokupa barua ya kuombea kazi ya chuoni, na ndiyo itakayokuonyesha mapema kama harufu ya wodi unaiweza. Weka daftari la tarehe na saa, lisilo na jina la mgonjwa yeyote. Omba barua ya msimamizi kabla hujaondoka, na ukiweza, chagua kazi ambayo unaweza kuirudia kila likizo, ili siku ya kujaza fomu iwe imevuka mstari yenyewe.

Kabla ya kuwasilisha

AMCAS hufunguliwa mwezi Mei, na maombi huanza kuwasilishwa kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Juma moja kabla, mpe orodha yako mtu asiyekujua vizuri na umwombe akueleze, bila kurudi kwenye karatasi, wewe unafanya nini na wagonjwa hivi sasa. Akianza kwa kutaja jambo la sekondari, panga upya. Akisita, maelezo yako ya miaka ya karibuni hayajaeleweka, na yaandikwe tena. Fanya hivyo mapema, kwa sababu ukishawasilisha huwezi tena kubadilisha chochote katika sehemu ya shughuli, na jambo jipya utakalotaka kuliongeza itabidi ukiandikie kila chuo peke yake, ikiwa chuo hicho kinapokea nyongeza.